Josho la Matumbawe

(Hotuba iliyosomwa ukumbini mwa shule siku ya pili ya mkutano wetu na mwenzetu ambaye ni mtumishi wa Serikali katika kazi za uvuvi. Inachapishwa hapa kwa ombi la wengi waliohudhuria.)

Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme machache mbele yenu, aliniachia uhuru wa kuchagua mada, kisha akaongeza kwa wino mwekundu: "Isiwe siasa wala bajeti." Nimetii. Nitazungumza juu ya matumbawe, na hasa jinsi ya kuyatibu wadudu wanaoyala kabla hujayatoa katika tangi moja ukayatia katika tangi jingine. Naona wengine mnatazamana. Ninyi mliotoka bara, mnaofuga ng'ombe, nawaombeni subira, maana nitaanzia kwenu.

Walio rika langu watakumbuka zamu ya ng'ombe. Shule ilikuwa na ng'ombe saba wa maziwa, na kila bweni lilikuwa na wiki yake ya kukata majani na kuwapeleka ng'ombe joshoni, kilomita tatu kwenda na tatu kurudi. Mzee aliyewatunza, Mungu amrehemu, hakusoma zaidi ya darasa la nne. Mwaka mmoja shule ilinunua mtamba kutoka shamba la mbali. Sisi tulifurahi, tukataka kumwingiza zizini jioni ile ile. Mzee akakataa katakata. Alimnyunyizia dawa kwa bomba la mkono, akamfunga peke yake nyuma ya uwanja wa mpira, akatuamuru tumpelekee majani na maji huko kwa mwezi mzima, na kila wiki akamnyunyizia tena. Tulinung'unika sana, maana kubeba madebe ya maji kutoka kisimani hadi nyuma ya uwanja si mchezo. Nikamwuliza: kama dawa imekwisha kuua kupe, ya nini kumfunga mbali? Akanijibu, "Josho linamwua kupe aliyempanda ng'ombe. Halimwui yule anayengoja majanini."

Maana yake ni hii. Kupe jike akishiba damu hudondoka, akataga mayai yake kwa maelfu katika majani, na watoto wake wakamngoja ng'ombe apite. Dawa haiwafikii huko. Kwa hiyo unaogesha, unangoja waanguliwe na wapande, unaogesha tena. Katika miaka yote niliyokaa hapa, ndigana kali haikuingia katika zizi letu. Wakati ule sikujua kwamba nilikuwa nimefundishwa somo ambalo baadaye ningelisoma kwa lugha ya kigeni, na kulilipia kwa aibu.

Sasa tuingie baharini. Sisi watu wa pwani tumelijua tumbawe tangu zamani kama jiwe la kujengea na la kuchomea chokaa. Majumba ya Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe hayo, na Mji Mkongwe wa Unguja pia. Lakini jiwe ni mifupa tu. Mwenye mifupa ni mnyama mdogo mwenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, aishiye kwa maelfu pamoja na ndugu zake juu ya jiwe walilolijenga wenyewe, na ndani ya nyama yake wamo mimea midogo sana inayomtengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nyama hiyo ni nyembamba mno. Ukitaka kuelewa kwa nini mdudu mdogo anaweza kuangamiza tumbawe la ukubwa wa meza, kumbuka kwamba kinacholiwa si jiwe. Ni ngozi iliyolifunika jiwe, na ngozi hiyo ikishaliwa hakuna kitu kingine chini yake.

Katika bahari wadudu hao wana wanaowala. Samaki huwadonoa, na mikondo ya maji huwapeperusha. Katika tangi la kioo mambo ni mengine. Humo tumeweka matumbawe mengi ya jamii moja karibu karibu, maji yanazunguka yale yale, na samaki tumewachagua kwa uzuri wa rangi zao. Mdudu mmoja akiingia amekuta karamu isiyo na mlinzi. Ndiyo sababu habari za wadudu wa matumbawe tulizipata kwanza kutoka kwa wafugaji wa matangi, na wanasayansi wakafuata nyuma.

Mfano ulio wazi ni mnyoo bapa anayekula matumbawe ya matawi yaitwayo Akropora, yale yanayofanana na pembe za paa. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimlaani kwa miaka kadhaa kabla hajapewa jina lake la kisayansi mwaka 2011, tena kutokana na minyoo waliookotwa katika matangi. Mwaka uliofuata ndipo ilipotangazwa kwamba ameonekana pia akiishi katika bahari ya Australia, kwenye Mwamba Mkuu. Ni mwembamba kama ganda la kitunguu, na urefu wake ni milimita chache tu. Rangi yake ni rangi ya tumbawe analolila, kwa kuwa chakula chake huonekana kupitia mwilini mwake. Unaweza kukaa mbele ya kioo saa nzima usimwone. Utakachoona ni alama za meno yake, kama nilivyozoea kuziita ingawa meno hana: vidoa vya mviringo vilivyopauka, hasa kwenye shina na upande wa kivulini. Mayai yake hutagwa juu ya jiwe tupu, pale ambapo nyama imekwisha kufa, karibu na mpaka wa nyama iliyo hai. Yamepangwa vikundi vikundi na rangi yake ni ya kahawia ya dhahabu.

Shikeni habari ya mayai hayo, maana hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Mwaka 2008 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili Ulaya, na sehemu ya masomo ilikuwa kufanya kazi miezi sita katika nyumba ya samaki ya umma, katika mji ambao sitautaja. Tangi lao kubwa la matumbawe lilikuwa fahari ya mji. Watoto wa shule waliletwa kwa mabasi kulitazama. Katikati yake palisimama Akropora mmoja wa rangi ya samawati, mpana kama meza hii ya Katibu, aliyekuzwa humo kwa miaka kumi na miwili kutoka kipande kisichozidi kidole changu. Mzee aliyekuwa mkuu wa matangi ndiye aliyekipanda kipande hicho kwa mkono wake.

Ijumaa moja jioni yalifika matumbawe kumi na mawili kutoka nyumba nyingine ya samaki. Wakubwa walikuwa wamekwenda zao. Nilijua utaratibu: kuyaogesha dawa, kuyakagua, kisha kuyaweka katika tangi la karantini kwa wiki sita au zaidi. Niliyaogesha. Minyoo mitatu ilidondoka katika beseni, nikaiona kwa macho yangu ikijikunja chini, nikafurahi kama mvuvi aliyevua nguru. Nikajiambia, dawa imefanya kazi, minyoo imetoka, mambo yamekwisha. Sasa, tangi la karantini lilikuwa na hitilafu ya kipasha-joto usiku ule, maji yake yalikuwa baridi. Ningeweza kumpigia mkuu simu nyumbani. Sikumpigia. Niliona haya kumsumbua, na pia, niseme ukweli, kulikuwa na mpira wa Ijumaa na wenzangu walikuwa wananingoja. Nikayatia matumbawe yale katika tangi kubwa.

Baada ya miezi mitatu yule samawati alianza kupauka kutoka shinani. Kwanza tulidhani ni mwanga, tukabadilisha taa. Kisha tukadhani ni chumvi ya maji, tukapima kila siku. Siku moja mkuu alichukua bomba la kupulizia maji akalielekeza kwenye shina, minyoo ikapeperuka kama makapi ya mpunga. Hakuniuliza neno. Alikwenda ofisini, akafungua daftari la mapokezi, akasoma tarehe na saini yangu, akalifunga. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Akaniambia tu, "Kesho tuanze mapema."

Ilitubidi kuyatoa matumbawe yote ya jamii ile katika tangi zima, ya kale na ya juzi. Yale yaliyokuwa yameshika mwamba tuliyavunja kwa patasi. Kila tawi tulilikata juu ya mpaka wa nyama hai, tukatupa shina na mayai yake. Tuliogesha kila wiki. Tangi kubwa lilikaa miezi mitatu bila Akropora hata mmoja, ili minyoo iliyobaki humo ife njaa. Yule samawati hakunusurika mzima. Tulipata matawi tisa kutoka kwake, na manne yakaishi. Nililijua fika jibu la Mzee wa zizi, nimelisikia nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, na halikunisaidia kitu jioni ile.

Naona Mwalimu wetu wa bayolojia anatikisa kichwa. Mwalimu, naomba radhi, lakini afadhali niseme mwenyewe.

Sasa nieleze jinsi josho la matumbawe linavyofanywa, kwa sababu baadhi yenu mna matangi majumbani au mna watoto wanaosoma fani hii. Unahitaji mabeseni matatu, meupe ikiwezekana, ili mdudu akidondoka aonekane. Maji yake yatoke katika tangi alimotoka mgonjwa, yawe na chumvi ile ile na joto lile lile, maana tumbawe lililohangaishwa na joto haliwezi tena kuhimili dawa. Beseni la kwanza ni la dawa. La pili na la tatu ni ya kusuuzia, ili usimbebe mdudu aliyelegea tu ukamrudisha nyumbani akazinduka. Katika beseni la kwanza maji lazima yatembee. Pampu ndogo inafaa, au bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, unapuliza kati ya matawi mara kwa mara, hasa chini. Dawa humlegeza mnyoo lakini mara nyingi ni ule mkondo wa maji unaomng'oa.

Dawa gani? Hapa kila mfugaji ana dini yake. Iodini husaidia kusafisha kidonda pale ulipokata, lakini kwa minyoo bapa usiitegemee. Levamisoli, ambayo wafugaji wa mbuzi na ng'ombe mnaijua vizuri kwa minyoo ya tumbo, imetumika sana, na prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto wetu wa shule kwa kichocho, imejaribiwa pia. Kwa vijidudu wekundu wanaotambaa juu ya Akropora, ambao ni wadogo kuliko chembe ya mchanga na kwa ukoo ni ndugu wa kaa na kamba, hutumika milbemisini, dawa wapewayo mbwa kwa minyoo ya moyo. Lakini kwa kuwa kaa na kamba ni ndugu zao, dawa hiyo huwaua nao pia. Ukiitia ovyo katika tangi zima utawaona kamba wako wamelala chali asubuhi. Wako pia wanaotumia dawa za kuulia wadudu wa bustani. Zinaua kweli. Mimi sizipendi, na nitasema sababu baadaye kidogo.

Dawa yoyote utakayochagua, jaribu kwanza kwa kipande kimoja, ungoje siku mbili tatu. Matumbawe hayalingani. Lililovumiliwa na Akropora mmoja humvua mwenzake ngozi yote.

Baada ya josho, kaa chini, chukua lenzi na taa, ukague jiwe tupu. Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo kazi inayorukwa. Mayai hayafi kwa dawa. Ganda lake hulikinga kijusi, iwe dawa ya ng'ombe, ya mbwa au ya bustani. Mayai huondolewa kwa mkono tu: kwa kisu kidogo, kwa mswaki mgumu, au kwa kukata sehemu yote iliyokufa na kuitupa. Kama tumbawe limekuja limegandishwa juu ya kigingi cha saruji, tupa kigingi. Nimeona watu wanaosugua tawi kwa uangalifu kama wanaosha mtoto mchanga, kisha wanalirudisha juu ya kigingi kile kile, na mayai yako chini ya kigingi.

Na kwa kuwa mkono wa binadamu haukosi kusahau yai moja, ndipo inapokuja karantini. Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu hivi, mapema zaidi maji yakiwa ya joto. Mtoto wa mnyoo huhitaji zaidi ya hapo kabla hajaweza kutaga. Kwa hiyo unaogesha kila baada ya siku saba, na unaendelea kwa wiki sita au zaidi, ili kila atakayeanguliwa akutwe na josho kabla hajatia mayai mengine. Ukiona mnyoo katika wiki ya tano, hesabu inaanza upya. Watu hukasirika sana nikiwaambia hivyo.

Konokono weupe wasio na kombe, wanaokula matumbawe ya jamii ya Montipora, hutibiwa kwa mtindo huo huo, na mayai yao ni sugu vile vile. Anemoni wa kioo, yule mdogo wa rangi ya kahawia anayeota penye ufa, ni shetani wa namna nyingine: ukimkata, kila kipande kinaota. Nyumba nyingi za samaki huwaacha kamba fulani wamle. Sitasema zaidi juu yake, muda ni mfupi.

Niliahidi kusema kwa nini sizipendi dawa za bustani. Baada ya josho unabaki na ndoo ya maji yenye dawa, minyoo na mayai. Inakwenda wapi? Kule ugenini ilikwenda katika mtaro wa maji machafu wenye mtambo wa kusafishia. Huku kwetu pwani, mfereji wa nyuma ya nyumba hutoka ufukweni. Dawa inayoua kidudu cha ukoo wa kamba itamwua kamba wa mikoko pia, naye hana hatia. Maji ya josho yatiwe klorini, yaachwe hadi kesho yake, na yasimwagwe kamwe baharini. Vifaa navyo viwe viwili viwili. Ndoo ya karantini isikanyage upande wa matangi masafi. Kazi ya siku ianzie kwa wazima, iishie kwa wagonjwa, mikono ioshwe. Muuguzi yeyote aliyeko hapa atawaambia ni kanuni za wodini tu.

Ndugu Mwenyekiti, mtu ataniuliza: wewe mtumishi wa umma, mambo ya matajiri wenye matangi ya kioo sebuleni yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu siku hizi matangi si pambo peke yake. Kule Florida, Marekani, mwaka 2014 ulizuka ugonjwa karibu na Miami unaokula nyama ya matumbawe magumu na kuacha jiwe jeupe. Ulienea mwamba wote wa Florida na kuvuka hadi visiwa vya Karibi. Kuanzia mwaka 2018 wataalamu waliamua kuyatoa matumbawe baharini mbele ya ugonjwa kabla haujayafikia, wakayatawanya katika nyumba za samaki za majimbo mengi, hata zilizo mbali kabisa na bahari, yatunzwe humo kama mbegu. Sasa fikirini hatari yake. Matumbawe hayo yanahamishwa kutoka tangi hadi tangi, na siku moja watoto wake watarudishwa baharini. Mdudu au ugonjwa wa tangi moja ukipanda gari pamoja nao utafika mahali ambapo haujapata kufika. Ndiyo maana karantini na ukaguzi vimekuwa sehemu kubwa ya kazi yao, sawa na kulisha na kuwasha taa.

Tena haraka haikosi kuingia. Julai 2023 maji ya Florida yalipata joto kali mno, katika ghuba moja yenye maji kidogo kipimo kikasoma zaidi ya nyuzi 38, na maelfu ya vipande vikatolewa katika vitalu vya baharini na kukimbizwa katika matangi ya nchi kavu. Mtu anayekimbiza wagonjwa kutoka nyumba inayoungua hana nafasi ya kuwakagua mmoja mmoja mlangoni. Lakini hata wakati wa moto unaweza kuwa na chumba cha wageni kilichotengwa.

Kwetu pia joto limekuja. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa, Mafia na kwingineko. Yakapauka tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024, mwaka ule ambao pepo hizi zilitangazwa kuwa za dunia nzima kwa mara ya nne. Baada ya hapo watu wengi wenye nia njema wameanza kuzungumzia vitalu na matangi, na mafaili yao hufika mezani kwangu.

Nafika sasa penye ugumu. Mwaka jana, kabla ya majira ya joto, lilikuja ombi la kuhamisha vipande 60 vya matumbawe ya matawi kutoka matangi ya kituo kimoja hadi matangi ya kituo kingine hapa hapa pwani. Karatasi zote zilikuwa safi. Mkataba wa kimataifa wa CITES unaweka matumbawe magumu katika orodha yake ya pili, na kila avukishaye mpaka lazima awe na kibali. Hawa hawakuvuka mpaka wowote, na hata wangevuka, kibali kile kinauliza tumbawe ni la aina gani na limetoka wapi. Hakiulizi kama lina minyoo. Nikauliza mimi: yameogeshwa mara ngapi? Jibu: mara moja, siku ya kufungasha. Nikaandika kwenye faili kwamba sikubali hadi wiki sita za karantini zipite.

Aliyeomba ni mwenzetu. Tulilala kitanda cha juu na cha chini kidato cha kwanza na cha pili, na leo amekaa safu ya nne upande wa dirishani. Alikuja ofisini, akanieleza kwamba wafadhili wana tarehe yao, kwamba mafundi wamekwisha kulipwa, kwamba joto halingoji karatasi zangu. Yote yalikuwa kweli. Nikamweleza habari za Ijumaa ile ya Ulaya. Akaniambia, "Kwa hiyo mimi ndiye ninayelipa deni lako?" Sikuwa na jibu zuri, na hata leo sina.

Karantini ilifanywa. Mimi mwenyewe nilikwenda Jumamosi sita mfululizo na lenzi yangu, kwa nauli yangu, kwa sababu niliona haya kumlazimisha mtu kazi nisiyoishika. Vipande 11 vilikufa katika wiki hizo, maana matangi ya karantini yalikuwa ya kuazima na kivuli hakikutosha. Fedha za wafadhili zilikwenda kwingine. Na mnyoo hatukuona, wala yai. Hata moja.

Angeonekana mnyoo mmoja tu, mimi na mwenzangu tungekuwa tumecheka habari hii zamani. Hakuonekana, na kwa mwaka mzima hatujapigiana simu. Wengine wameniambia nikiri kwamba nilikosea. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, nami nasema mbele yenu nyote, naye akisikia, kwamba vile vipande 11 ni juu yangu, kwa kuwa sikuhakikisha kwanza kwamba pa kuvilaza panafaa. Tangu wakati ule sitaji wiki sita kabla sijakwenda kuliona tangi la karantini lenyewe, kulipima joto na kivuli. Lakini faili lile lingeletwa tena kesho, ningeandika neno lile lile.

Mwenzangu, nimefurahi kwamba umekuja.

Nimeleta katika sanduku mifupa ya Akropora yenye alama za kuliwa, na slaidi mbili za mayai ambazo yule mkuu wa matangi alinitumia kwa posta baada ya mimi kurudi nyumbani, bila barua ndani. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa katika maabara ya bayolojia, na Mwalimu amekubali kutufungulia hadubini, ile ile yenye mguu uliounganishwa kwa waya. Wenye ng'ombe mje pia. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.